Ripoti ya mradi na akili bandia: mashine inasaidia maneno, hesabu inatoka kwenye daftari



Mradi ukiendelea, siku inafika ya kuandika ripoti. Komite nyingi za Kabare, Walungu, Kalehe na Idjwi zinaijua shida hii. Kazi ya shamba imefanyika, lakini karatasi inachelewa. Wamemba wanajadiliana kwa Mashi, Kihavu ao Kiswahili, na ripoti inaombwa kwa Kifaransa. Mwishowe kazi yote inabaki kwa sekretere mmoja. Siku hizi sekretere anaweza kufungua simu na kuomba ChatGPT imuandikie. Si vibaya, ila tunapaswa kujua mashine hii inafanya nini na haifanyi nini.

ChatGPT ni programu ya akili bandia. Kampuni ya OpenAI ya Marekani iliitoa mwezi wa 11 mwaka 2022. Imejifunza kutoka maandishi mengi sana ya watu, na inaandika kwa kukadiria neno gani linafuata lingine. Inajua ripoti nzuri inafanana namna gani. Lakini haijafika Nyangezi hata siku moja. Haijui kama mvua ilichelewa ao kama mnyauko wa migomba umeingia shambani kwenu. Pale hukuiambia kitu, inaweza kuziba pengo na maneno mazuri yasiyo ya kweli.

Tuchukue mfano. Tuseme koperative ilipokea kilo 400 za mbegu ya maharagi kwa msimu B na kuzigawia familia 80, kilo 5 kila moja. Sekretere anaandika tu: «Tuligawa mbegu, tulifundisha watu, tengeneza ripoti nzuri.» Mashine inaweza kurudisha kurasa tatu: mavuno yamepanda, wamama wamefurahi, chakula kimetosha nyumbani. Kifaransa ni safi kabisa. Lakini maharagi yangali shambani! Siku mtu wa mradi atakuja kuomba daftari ya mavuno, nani atamjibu?

Sasa tufungue daftari yenyewe. Agronome alipopita, alikuta familia 71 zimepanda. Kati ya zile 9 zingine, 6 zilikula mbegu juu ya njaa, kwani ilifika wakati wa kupanda umeshapita. 3 ziligawia mbegu ndugu waliokimbia vita. Habari hii ndiyo ripoti. Inamuonyesha mfadhili kwamba mbegu inapaswa kufika mapema, na kwamba familia zenye kupokea wakimbizi zinahitaji chakula pamoja na mbegu. Tukiifunika na maneno laini, mbegu itachelewa tena, na familia zile zile zitalala njaa.

Kwa hiyo tunawashauri hivi:

1. Daftari kwanza, simu baadaye. Andikeni nini kiliahidiwa, nini kilifanyika na tarehe gani, wanawake wangapi na wanaume wangapi, nini hakikufanyika na sababu yake, feza iliyotumika na iliyobaki.

2. Toeni agizo wazi. Kwa mfano: «Andika ripoti ya ukurasa mmoja kwa Kifaransa rahisi. Tumia tu habari hizi. Usiongeze hesabu yoyote. Pale habari inakosekana, andika: haijajulikana.» Agizo hili linapunguza uongo, lakini haliumalizi.

3. Hakikisheni kila hesabu. Shikeni kalamu, linganisheni ripoti na daftari, mstari kwa mstari. Mashine inaweza kukosea hata kujumlisha. Wale 71 na wale 9 lazima wafanye 80.

4. Msiingize majina, namba za simu ao mahali mazao na feza vinawekwa. Kile unachoandika kinatumwa kwenye kompyuta za kampuni, mbali na hapa. Tangu mapigano yalipofika Bukavu mwezi wa 2 mwaka 2025, kila mtu anajua kwamba orodha ya majina ikianguka mikononi mwa mtu mbaya inaweza kuleta hatari. «Familia 71» inatosha.

5. Someeni wamemba kabla ya kutuma. Sekretere aeleze ripoti kwa Kiswahili ao kwa lugha ya kijiji, mbele ya komite na watu wachache waliolima. Wamama waliopanda ndio watasema: «Hapa si kweli.»

Hatua hii ya tano isirukwe. Koperative zetu ziko chini ya sheria ya OHADA, yenye kutumika Kongo tangu mwaka 2012, na viongozi wanapaswa kutoa hesabu mbele ya mkutano mkuu. Ni kusema ripoti ni ya mwanamemba pia, si ya mfadhili peke yake. Na mfadhili akiuliza kama mlisaidiwa na mashine, mwambieni ndiyo, na mumuonyeshe daftari.

Pale mtandao haufiki ao mega zimekwisha, msivunjike moyo. Ukurasa mmoja wa mkono, wenye hesabu za kweli, unapita kurasa kumi za Kifaransa kitamu. Kwa hiyo anzeni leo: chagueni mtu mmoja wa kuandika na mwingine wa kuhakikisha, na daftari ijazwe kila juma, bila kungoja siku ya ripoti.