Daktari Amekutuma Eksirei? Uliza Ni Gani Kwanza

Umeanguka na nduthi, mkono umefura kama andazi, daktari anachora karatasi: "Enda eksirei." Unalipa, unapigwa, unapewa picha unaenda home. Ni wangapi huuliza wanatafuta nini hapo ndani?

Ile ya kawaida ni ya mifupa. Utapigwa angalau mara mbili, mbele na ubavuni, juu ufa unaweza kujificha ukiangaliwa upande mmoja tu. Sasa hapa ndio wasee wengi huchomeka: picha ikitoka safi, wanadhani wako fiti. Eksirei haionyeshi kano zilizochanika. Tena kuna kamfupa kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ambako kakivunjika kanaweza kukosa kuonekana siku za kwanza. Ukifinywa hapo usikie uchungu, daktari anaweza kukufunga plasta hivyo hivyo, kisha urudi upigwe tena baada ya siku 10 hadi 14. Tafadhali usiitoe ndio urudi kazi. Damu haifiki vizuri kwa huo mfupa, na ukipuuzwa unaweza kukataa kushikana kabisa.

Ya kifua ndio utaambiwa "vuta pumzi, shika." Shika kweli, ukipumua picha inatoka na ukungu. Hapo wanacheki nimonia, TB, maji kwenye mapafu na ukubwa wa moyo. Kama umekohoa wiki mbili, jipeleke. Lakini picha pekee haithibitishi TB, lazima makohozi yapimwe pia.

Ya meno ni rahisi, mashine inakuzunguka kichwa na taya lote linatokea kwa picha moja. Ya tumbo ndio drama. Unalala njaa, asubuhi unakunywa beriamu, kitu nyeupe kama chokaa, ndio koo na tumbo zionekane. Kesho yake choo kikiwa cheupe usipige nduru, ni hiyo inatoka. Kunywa maji mob. Madem nao wana ya matiti, mamogramu, ambapo titi linabanwa katikati ya sahani mbili. Inauma kidogo lakini ni ya muda mfupi. Ukiwa bado mdogo, mara nyingi utaanzishiwa ultrasaundi.

Na CT pia ni eksirei, wengi hawajui. Moja ya kifua inakupa mionzi kama ile unapata duniani kwa siku 10 hivi ukijikalia tu. CT ya tumbo ni kama ya zaidi ya miaka miwili. Ikihitajika, pigwa bila wasi, lakini usiitishe ati ndio uone pesa yako imefanya kazi.

Kama unashuku uko na mimba, sema kabla mashine iwashwe, hata kama umekuja na mathe na unaona noma. Mwite mhudumu kando umnong'onezee. Cheni, vipuli na sidiria ya waya zitoe. Na zile picha za zamani usitupe, beba, daktari atazilinganisha na mpya.