Mionzi na Limfoma Iliyorejea

Tuchukue mfano wa mkulima wa alizeti wa Kiomboi, mkoani Singida. Alivimba tezi za shingo, akapewa dawa za saratani, uvimbe ukanywea. Baada ya mwaka mmoja umerejea palepale. Wapo watakaosema ni kifua kikuu cha tezi. Dhana hiyo si ya kipuuzi, kwani kwa macho magonjwa haya mawili hufanana mno. Ndiyo maana kipande cha tezi hukatwa tena na kuchunguzwa kwa hadubini.

Limfoma ni saratani ya limfositi, yaani chembe nyeupe za damu ziulindazo mwili. Kwa nini huikaidi dawa? Miongoni mwa mamilioni ya chembe za uvimbe, huwamo chache ziwezazo kuisukuma dawa nje. Nyingine zikifa, hizo hubaki na kuzaa za namna yake. Huu, walimu wa baiolojia, ni uteuzi wa asili ukitendeka ndani ya shingo ya mtu mmoja.

Mwonzi hausukumwi nje. Hupenya na kukata nyuzi za DNA, na chembe ijaribupo kugawanyika hufa. Wagonjwa husema "nimechomwa mionzi", lakini neno hilo hupotosha. Kipimo cha mionzi ni grei, yaani juli 1 ya nishati kwa kila kilo ya mwili. Grei 4 zingepasha maji joto kwa kiasi gani? Gawanya 4 kwa 4,200: takriban sehemu moja ya elfu ya nyuzi Selsiasi! Kinachoua si joto, bali mahali nishati inapoangukia.

Limfoma kali iliyokaidi dawa huhitaji grei 30 hata zaidi ya 40, zikigawanywa siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa, ili chembe nzima zipate nafasi ya kujitengeneza. Kwa mtu wa Singida maana yake ni kuishi ugenini: Mwanza, kwenye Hospitali ya Bugando, au Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Lakini limfoma ikuayo polepole mara nyingi hunywea kwa grei 4 tu, kwa siku mbili. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo mgonjwa aelezwe kabla hajauza ng'ombe.

Ugonjwa ukienea mwili mzima, mionzi hutuliza maumivu tu. Tiba yenyewe hubaki kuwa dawa. Tena uti wa mgongo hausahau: grei ulizopokea zamani huhesabiwa pamoja na mpya, na kuvuka kiwango huweza kuleta kupooza. Kwa hiyo aliyewahi kupata mionzi asisafiri bila karatasi zinazoonyesha kipimo cha awali na mahali kilipoelekezwa.