Kabla Hujatuma Pesa ya Mtoto wa Mbwa

Umeona picha ya German Shepherd mdogo mtandaoni, bei poa, na muuzaji anakuambia, "Tuma nusu nikuwekee, wateja ni wengi." Pole pole! Mfugaji wa kweli hakukimbizi. Atakukaribisha kwake umwone mama na watoto wake, na hatakuuzia aliye chini ya wiki 8. Atakuonyesha kadi ya chanjo, ikiwemo ya ugonjwa wa pavo, iliyosainiwa na daktari wa mifugo. Akidai ni mbegu safi, itisha cheti cha East Africa Kennel Club. Ukiridhika, lipa hapo hapo, ukihakikisha jina linalotokea kwenye simu ni lake. Pesa ikishatolewa kwa ajenti, kuirudisha ni kibarua.