Nyasi za plastiki zimenyanyuka ukingoni? Usizing'oe!

Msomaji wangu, siku hizi ukipita mitaa wanayojenga vijana wenye visenti vyao, hukosi kuona zulia la kijani limetandikwa pembeni mwa njia ya gari. Halimwagiliwi, halifyekwi, na kiangazi kikiwaka lenyewe kijani vile vile. Nyasi bandia hizo! Zamani wengi wetu tulizijua kwa mpira tu: Karume pale Dar es Salaam, Kaitaba kule Bukoba, Nyamagana ya Mwanza. Sasa zimehamia majumbani, na usidhani ni mambo ya Mbezi na Mikocheni peke yake. Mimi nimezikuta Kilimarondo.

Ndiyo, Kilimarondo ya Nachingwea, kwa wenye mikorosho na ufuta wao. Binamu yangu anayeishi Dar alimjengea bibi yetu nyumba ya kisasa, na katika kunogesha mambo akatandika nyasi hizo pande mbili za njia ya gari, upana wa mita 1 hivi. Siku za mwanzo majirani walikuja kuzishika kwa mikono. Mbuzi nao walikuja, wakang'ata, wakatema, wakaenda zao.

Mvua zilipokwisha, mambo yakabadilika. Upande mmoja ukingo ulinyanyuka kama mita 4, ukajikunja mithili ya mkeka ulioachwa juani. Bibi anatembelea mkongojo. Jioni moja ncha ya mkongojo ikazama chini ya zulia, na asingedakwa na kitukuu chake, leo tungekuwa tunazungumza habari za nyonga. Mtu wa umri ule akivunjika nyonga, kuinuka tena ni majaliwa. Si mchezo!

Nilipofika, simu ya binamu ilikuwa imeshatangulia: "Ng'oeni zote, nitaleta mpya." Na wiki mbili mbele kulikuwa na harusi pale pale nyumbani, magari yanakuja, watoto wanakimbia. Bibi akanitazama. "Mjukuu wangu," akasema, "mtu akiumwa kidole mnamkata mguu? Zulia halina kosa, wenye kosa ni ukingo. Niitieni fundi."

Bwana we, bibi alikuwa sahihi.

Kwa nini huharibika ukingoni? Fundi alinionyesha kwa kidole. Kwanza, tairi. Gari linapokata kona taratibu, tairi linasukuma zulia kwa ubavu, na zulia halikuumbwa kubeba hilo. Pili, maji. Mvua inayotiririka juu ya zege inaishia ukingoni, inachimba mchanga wa chini, zulia linabaki linaning'inia. Tatu, mbao. Aliyetandika alishikiza ukingo kwa misumari kwenye ubao, na mchwa wakaufanya ubao ule chakula cha jioni. Msumari usiokuwa na ubao unashika nini?

Sasa sikiliza kazi yenyewe, maana hata wewe wa Sinza itakufaa.

Tulikunja zulia nyuma mpaka tukafika mahali ambapo ardhi bado ni ngumu. Tope na mchanga laini vyote vikatolewa, pakajazwa kokoto ndogo, juu yake vumbi la kokoto, pakarushiwa maji kidogo na kushindiliwa. Hapa usiwe na haraka. Ukitandika juu ya udongo laini, mvua zijazo utamwita fundi tena. Halafu hakikisha mgongo wa zulia utalala chini kidogo ya usawa wa njia, tairi lisipate pa kukwangua.

Badala ya ubao, fundi alimwaga ukanda mwembamba wa zege sambamba na njia, akaacha matundu ya kupitishia maji. Tukaumwagilia siku 7, tukauacha siku 3 ukauke kabisa. Gundi na unyevunyevu ni maadui.

Kipande kilichochanika hakikuweza kuponywa, kikakatwa. Zulia la nyasi linakatwa kwa kisu kikali kutokea mgongoni, katikati ya mistari ya mshono. Ukikata kutokea juu utanyoa nyasi zote za pembeni, na kiraka kitaonekana toka barabarani. Bahati nzuri bibi alikuwa ametunza mabaki stoo. Kabla ya kugundisha, piga kiganja uone nyasi zimelala upande gani, na za kiraka zilale huko huko. Zikipishana, rangi itaonekana tofauti hata kama zulia ni lile lile.

Kwenye maungio tuliweka ukanda wa kuunganishia kwa chini, ukapakwa gundi ya nje isiyoogopa maji, bila kugusa nyasi. Ukingo ukagundishwa juu ya zege, ukakandamizwa kwa ubao na matofali usiku kucha. Upande wa ndani, wenye udongo, fundi alitumia vipande vya nondo nyembamba ya milimita 6 vilivyopindwa mfano wa U, akavigongelea vizame kabisa. Kisha mchanga mkavu ukamwagwa na kupigwa brashi, nyasi zikasimama. Gari halikukanyaga kwa siku 2.

Bibi naye akatoa lake. Akaagiza mawe yapakwe chokaa na kupangwa mstari pembeni mwa njia, dereva ayaone hata usiku. Mafundi wakacheka, lakini ndiyo dawa yenyewe: tairi lisipopanda, ukingo haunyanyuki.

Kwa taarifa yako, mambo haya si mageni duniani. Uwanja wa Astrodome wa Houston, Marekani, ulitandikwa nyasi za plastiki mwaka 1966, kwa kuwa nyasi halisi zilikataa kuota chini ya paa lake. Lakini plastiki ni plastiki. Jua la saa 7 mchana linaipasha moto wa kuunguza nyayo za mtoto, na jiko la mkaa likiwekwa juu yake, litaacha shimo.

Binafsi, kwenye sehemu inayokanyagwa na gari kila siku ningepanda ukoka. Ila kama umeshatandika, basi kila mvua zikiisha, pita ukingoni ukibonyeza kwa mguu. Panapobonyea, tengeneza siku hiyo hiyo, hasa kama nyumbani kuna mzee au mama mjamzito. Kiraka ni kazi ya fundi mmoja. Nyonga ni kazi ya ukoo mzima.

Haya, kazi kwenu. Tukutane wiki ijayo.