Je, Wajua? Sare ya Shule na Ugomvi wa Wanafunzi: Kutoka Long Beach hadi Bariadi

Kwenye mikutano ya wazazi ya Bariadi, Maswa au Meatu, mkoani Simiyu, hoja ya sare haichelewi kufika. Wanafunzi wakipigana njiani, au kijana akionekana senta saa za masomo, atasimama mtu aseme nidhamu imeshuka kwa sababu sare hazisimamiwi. Watu wengi huitikia kwa vichwa. Imani hiyo ina asili yake, na haikuzaliwa Usukuma.

Je, wajua kwamba imani hiyo ilipata nguvu California?

Mwaka 1994 Long Beach ulikuwa mji mkubwa wa kwanza Marekani kuwataka wanafunzi wote wa shule zake za umma, za msingi na za kati, wavae sare. Hofu ya mji huo ilikuwa magenge. Kijana aliweza kushambuliwa kwa sababu ya rangi ya fulana yake, au kuvuliwa jaketi la bei akiwa njiani. Baada ya mwaka mmoja shule zikatangaza kwamba uhalifu umepungua kwa asilimia 36 na mapigano kwa asilimia 51. Januari 1996 Rais Bill Clinton akazisifia sare katika hotuba yake ya mwaka mbele ya Bunge, na mwongozo ukatumwa kwa wilaya za elimu zipatazo 16,000.

Miaka miwili baadaye David Brunsma na Kerry Ann Rockquemore walichambua takwimu za wanafunzi wa nchi nzima. Hawakuona sare ikipunguza utoro, utovu wa nidhamu wala matumizi ya dawa za kulevya. Kumbe Long Beach ilikuwa imechukua hatua nyingine za usalama katika kipindi kilekile, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni ipi iliyotuliza ngumi. Nami naongeza hili: hata kama sare ilisaidia kule, ilikuwa inatibu ugonjwa wa kule. Bariadi mtoto hapigwi kwa sababu ya jaketi la bei.

Je, wajua kwamba Japani ilipata miaka yake mibaya ya vurugu shuleni huku karibu kila mwanafunzi wa shule za kati akiwa ndani ya sare?

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, zaidi katika shule za kati. Walimu walipigwa, vioo vikavunjwa. Makundi ya wasichana wakorofi yaliyojulikana kama sukeban yalikuwa yamekwisha kuigeuza sare kuwa alama ya genge kwa kurefusha sketi hadi karibu na vifundo vya miguu. Wavulana nao walirefusha makoti. Sare iliyokusudiwa kuwafanya wote wafanane ikawaonyesha waziwazi wakorofi ni akina nani.

Kenya inatupa mifano mizito zaidi, na ni jirani zetu. Usiku mmoja wa Julai 1991, wavulana wa Sekondari ya St. Kizito, Meru, walivamia bweni la wasichana wa shule yao. Wasichana 19 walikufa na wengine wengi walibakwa. Machi 2001, moto uliowashwa kwa makusudi katika Sekondari ya Kyanguli, Machakos, uliua wavulana 67. Shule zote mbili zilikuwa na sare. Kyanguli kulikuwa na manung'uniko juu ya matokeo ya mtihani yaliyofutwa, na hayakupata pa kwenda.

Je, wajua kwamba Wasukuma walikuwa na utaratibu wa kuwasimamia vijana kabla shule haijafika?

Vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale. Yeye ndiye aliyewaita kwenye kazi za pamoja mashambani na ndiye aliyeulizwa wakikosea. Kijana alijua nani anamsimamia, na nani atamsikiliza.

Kuvaa namna moja nako si jambo geni Usukuma. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, vilivyotokana na ushindani wa waganga wawili katika karne ya 19, vimeshindana kwa vizazi baada ya mavuno, kila upande na mavazi yake, ngoma zake na dawa zake. Vazi la pamoja huwaunganisha walio ndani yake na papo hapo humwonyesha mpinzani alipo. Mwalimu aliyewahi kuwapeleka wanafunzi kwenye mechi ya shule mbili za jirani anaelewa ninachosema, hasa timu yake ilipofungwa dakika za mwisho.

Je, wajua basi sare imethibitishwa kufanya nini?

Jibu lilitoka magharibi mwa Kenya, si mbali sana na Ziwa Victoria ambalo pia linagusa wilaya yetu ya Busega. Huko Busia shirika moja liligawa sare kwa bahati nasibu, na watafiti wakafuatilia mahudhurio. Waliopata sare walipunguza utoro kwa zaidi ya theluthi, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao hawakuwa na sare kabisa. Ila wafadhili wasisahau sehemu ya pili ya habari hiyo. Baada ya miaka minane, tofauti kati ya waliopata na waliokosa ilikuwa imefifia.

Utafiti mwingine, wa Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, ulihusisha shule za msingi 328 kuanzia mwaka 2003. Wanafunzi wa madarasa ya juu walipewa sare bure wakati ambapo wengi huacha shule. Wasichana walioacha masomo walipungua, na waliopata mimba ndani ya miaka mitatu walishuka kutoka takriban 16 katika kila 100 hadi 13. Hakuna aliyewafundisha lolote jipya kuhusu mwili. Walipewa nguo, wakabaki darasani.

Hilo ndilo ninalotaka wazazi wa Simiyu walifikirie. Sare haizuii ngumi. Inachoweza kufanya ni kumfikisha mtoto shuleni, na ikikosekana inaweza kumletea maumivu.

Je, wajua kwamba kalenda ya pamba na kalenda ya shule zinagombana?

Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012 na sasa wenye watu zaidi ya milioni 2, ni kitovu cha pamba ya Tanzania. Pamba hupandwa kuanzia Novemba, hupaliliwa Januari na Februari, na msimu wa kuuza hufunguliwa kuelekea katikati ya mwaka, ndipo wakulima wanapopanga marobota kwenye vituo vya vyama vya ushirika (AMCOS). Mwezi Juni au Julai baba ana fedha mkononi. Januari, shule zinapofunguliwa, fedha hiyo imekwisha, chakula ghalani kimepungua, na mikono yote iko kwenye palizi. Mwezi huohuo mama anatakiwa anunue shati jeupe, sketi au kaptula, sweta, soksi na viatu vyeusi. Mwenye watoto wanne wa shule anaanza kuchagua nani aanze.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kufuatia waraka wa Serikali wa Novemba 2015, ada na michango ya lazima viliondolewa. Sare ilibaki mzigo wa mzazi. Kuna jambo jingine linaloniuma: pamba nyingi ya Simiyu ikishachambuliwa husafirishwa nje ikiwa nyuzi, wakati sare nyingi za watoto wa wakulima haohao hushonwa kwa tetroni. Mkulima anauza malighafi ya nguo kwa bei asiyoipanga yeye, kisha miezi sita baadaye anakopa ili amvishe mwanawe.

Na shati jeupe, katika nchi ya udongo mweusi wa mbuga na visima vinavyokauka, lataka maji na sabuni kila jioni. Mwanafunzi mwenye shati moja hufua usiku na kulivaa bichi asubuhi.

Je, wajua kwamba kanuni za viboko zinataja makosa makubwa tu?

Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu adhabu ya viboko kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Viboko havipaswi kuzidi vinne. Mwenye mamlaka ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Msichana huadhibiwa na mwalimu wa kike ikiwa yupo. Na kila adhabu huandikwa kitabuni. Sasa tazama mstarini asubuhi, viranja wanapokagua soksi na kola. Mtoto anachapwa kwa shati lililochanika au kwa kuja na kandambili. Kitabu hakifunguliwi. Umaskini wa nyumbani umegeuzwa kosa lake, tena kosa kubwa.

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009 na kutolewa 2011, uliwahoji vijana zaidi ya 3,700 wa miaka 13 hadi 24. Karibu robo tatu, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na zaidi ya nusu walisema mwalimu aliwahi kuwapiga. Tunapouliza kama sare inapunguza vurugu za wanafunzi, haki inatutaka tuhesabu pia vurugu wanazofanyiwa, zikiwemo zile ambazo sare yenyewe ndiyo kisingizio. Mtoto aliyechapwa mstarini mbele ya wenzake huingia darasani na hasira, na mara nyingi aliye karibu naye ni mdogo kuliko yeye.

Ndiyo maana kila Januari ikifika nafurahi nikisikia viongozi wakiwaagiza wakuu wa shule wawapokee wanafunzi wapya hata kama hawana sare. Agizo hilo linapaswa kudumu hadi Desemba.

Je, wajua kwamba njia ya kwenda shule ni sehemu ya shule?

Utafiti huohuo wa kitaifa ulionyesha kuwa sehemu ya ukatili wa kingono dhidi ya wasichana hutokea njiani, wakienda shule au wakirudi. Simiyu ni mkoa wa vijiji vilivyotawanyika; kuna wanafunzi wa shule za kata wanaotembea mwendo mrefu, na wengine hupanga mageto karibu na shule bila mtu mzima wa kuwaangalia. Hapo ndipo lifti ya bodaboda inapoanza kuwa deni.

Kwenye njia hiyo sare ina kazi halisi, kwa sababu humtambulisha msichana kuwa ni mwanafunzi. Na sheria hutofautisha. Kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilivitamka vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Hata hivyo, katika maeneo ambako ng'ombe wa mahari bado wana uzito, msichana aliyeacha shule kwa kukosa sketi amevua pia ulinzi ule wa miaka 30. Nikifikiria hilo sioni tena sare kama suala la usafi.

Tangu Novemba 2021 mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi katika shule ya Serikali. Akirudi, atahitaji sare mpya. Ya zamani haimtoshi, na wazazi wake huenda wameshakataa kumgharamia.

Je, wajua kwamba kuna kitu kilichopimwa na kupunguza kipigo shuleni?

Wilayani Luwero, Uganda, shule za msingi 42 zilishiriki katika jaribio la programu iitwayo Good School Toolkit, ya shirika la Raising Voices. Katika nusu ya shule hizo, walimu, wanafunzi na wazazi walikaa pamoja kutunga kanuni, kubadili adhabu na kuwapa watoto nafasi ya kusema. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: ukatili wa kimwili kutoka kwa watumishi wa shule ulipungua kwa asilimia 42. Si kila programu hufaulu. Katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, mafunzo ya walimu yaliyoitwa EmpaTeach yalijaribiwa katika shule 27, na tathmini haikuona upungufu wa kipigo. Tofauti moja ninayoiona ni kwamba Luwero ilihusisha shule nzima, wakati Nyarugusu mzigo uliwekwa zaidi kwa mwalimu, akiwa na darasa lililofurika.

Simiyu haianzi sifuri. Mkoa huu ulikuwa ndani ya mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014, na baadaye Shule Bora. Mipango hiyo ilileta ushirikiano wa wazazi na walimu shuleni, UWAWA, pamoja na klabu za wanafunzi zinazoitwa JUU, yaani Jiamini Uwezo Unao. UWAWA inaweza kuamua mambo mawili katika kikao kimoja cha Julai, wakati fedha ya pamba bado ipo: kila kaya iweke kando fedha ya sare ya Januari kwa fundi cherehani wa kijijini, na jina la mtoto asiye na sare lipelekwe kwenye kamati ya shule, lisisomwe mstarini.