Tibakemikali Saratani Ikiwa Imeenea: Madhara na Namna ya Kuyakabili

Saratani huhesabiwa kuwa imeenea pale seli zake zinapohama kutoka kiungo ilimoanzia na kuota kwingine: ya titi ikaingia mifupani, ya utumbo mpana ikafika kwenye ini, ya tezi dume ikashika uti wa mgongo. Ikifika hapo, upasuaji peke yake haufui dafu, kwa kuwa hakuna uvimbe mmoja wa kukata ukaisha. Dawa zinazosafiri na damu hadi kila pembe ya mwili ndizo hushika nafasi ya mbele, na tibakemikali ni mojawapo ya kongwe miongoni mwake.

Lengo la tiba katika hatua hii si lile la mwanzo. Mwenye uvimbe mdogo hupewa dawa ili apone. Mwenye saratani iliyoenea, ukiacha aina chache kama ya korodani na baadhi ya limfoma, hupewa dawa ili uvimbe unywee, maumivu yapungue, pumzi irudi, na uhai urefuke kwa miezi au kwa miaka. Mara nyingi jambo hili halielezwi waziwazi, na mgonjwa huendelea kuvumilia kila kitu akidhani uvumilivu ndio gharama ya kupona. Kama dawa imetolewa ili aishi vizuri zaidi, basi madhara yanayomharibia maisha ni ugonjwa mwingine unaostahili kutibiwa, tena mapema.

Dawa nyingi za kundi hili huvizia seli inapojigawa. Seli za saratani hujigawa ovyo, lakini mwili wenyewe una seli zenye haraka hiyohiyo: za uboho zinazotengeneza damu, za utando wa kinywa na utumbo, na za mashina ya nywele. Dawa haina macho ya kuzitenga. Tofauti ni kwamba seli nzima hujikarabati upesi zaidi, ndiyo sababu dripu hupangwa kwa mizunguko, aghalabu ya wiki mbili au tatu, ili mwili upate nafasi ya kujijenga. Kutokana na mpangilio huo madhara huwa na ratiba. Kichefuchefu huja siku za kwanza, hadi ya tano hivi. Vidonda vya kinywa hujitokeza karibu na mwisho wa wiki ya kwanza. Chembe nyeupe za damu hushuka chini kabisa, kwa dawa nyingi, kati ya siku ya 7 na ya 14. Nywele huanza kudondoka wiki ya pili au ya tatu, na ganzi ya vidole hujijenga polepole, mzunguko baada ya mzunguko. Mgonjwa anayeandika tarehe hizi kwenye daftari huzijua siku zake za hatari kabla hazijafika.

Dawa zenyewe hazifanani. Sisplatini husumbua sana tumbo, na inaweza kudhuru figo na masikio. Maji mengi ni sehemu ya tiba hiyo. Doksorubisini, ile nyekundu, hugeuza rangi ya mkojo kwa siku moja au mbili, jambo lisilo na madhara, lakini ikizidi kiwango fulani katika maisha ya mtu hudhoofisha moyo. Pia huunguza nyama ikivuja nje ya mshipa, kwa hiyo mkono ukiwasha au kuvimba dripu ikiendelea, muuguzi aitwe palepale. Vidonge vya kapesitabini huchubua viganja na nyayo. Kwa sababu hiyo, hadithi ya jirani aliyeteseka kwa dawa nyingine haitabiri yatakayomkuta mwingine.

Dhara la kuogopwa kuliko yote halionekani kwa macho. Chembe nyeupe zikipungua, bakteria wa kawaida, hata wale wanaoishi tumboni mwa mtu bila shida, wanaweza kuingia kwenye damu na kuua ndani ya saa chache. Dalili ya pekee huenda ikawa homa, kwa sababu askari wa kuleta usaha na uvimbe hawapo. Joto la mwili likifika nyuzi 38, mgonjwa wa tibakemikali anatakiwa kwenda hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Kutetemeka kwa baridi au kuchanganyikiwa ghafla kuna uzito uleule hata kipimajoto kisipoonyesha homa. Hospitalini hapaswi kungojea foleni: dawa za kuua bakteria zinapaswa kuingia mshipani mapema iwezekanavyo, inafaa ndani ya saa moja.

Afrika Mashariki hatari hii ina sura yake. Homa huitwa malaria hadi ithibitike vinginevyo, na njia ya mkato ni duka la dawa: dozi ya malaria na parasetamo. Parasetamo hushusha joto na kuficha dalili, huku maambukizi yakiendelea. Kupima malaria ni sahihi, lakini majibu yoyote yatakayotoka hayamalizi kazi. Anayekutwa na vijidudu vya malaria anaweza kuwa na bakteria pia. Kisha kuna suala la umbali. Mgonjwa wa Kigoma anayetibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, yuko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwa daktari wake, na akisharudi nyumbani, siku ya 10 inamkuta huko. Muuguzi wa zahanati ya karibu hana namna ya kujua mtu huyu ni nani. Barua fupi yenye jina la dawa, tarehe ya dripu na namba ya simu ya kliniki, iliyokunjwa pamoja na kadi ya matibabu, inaweza kuokoa maisha. Asiye na barua aseme neno moja mapokezini: niko kwenye tibakemikali.

Kujikinga hakumaanishi kufungiwa chumbani. Kunawa mikono, kula chakula kilichopikwa kikaiva na kingali cha moto, kumenya matunda, kuacha maziwa mabichi na kachumbari za barabarani, kukaa mbali na mwenye mafua au tetekuwanga: hayo yanatosha kwa wengi.

Kichefuchefu ndicho kilichoipa tibakemikali sifa mbaya, na ndicho ambacho dawa za kisasa zimekipunguza zaidi. Kanuni yake ni kuwahi. Ondansetroni, deksamethasoni na, kwa dawa kali, olanzapini hutolewa kabla ya dripu, kwa maana kutapika kukishaanza ni vigumu kukuzuia. Kosa la kawaida hufanyika nyumbani: siku ya kwanza inapita salama, mgonjwa anaviweka vidonge kando, kisha siku ya tatu anazidiwa. Vidonge hivyo humezwa kwa ratiba iliyoandikwa, hata tumbo likiwa shwari. Chakula kidogo mara nyingi hushinda sahani moja kubwa. Uji ulioachwa upoe, viazi au ndizi za kuchemsha havina harufu kali, na mgonjwa asikae jikoni vitunguu vinapokaangwa. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu kwa kichefuchefu chepesi. Mbele ya sisplatini haina ubavu.

Kinywa husafishwa kwa mswaki laini na kusukutuliwa kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo mara kadhaa kwa siku. Pilipili, ndimu na chai ya moto sana huongeza maumivu ya vidonda. Utando mweupe ulimini mara nyingi ni fangasi, na una dawa yake. Kwa mwenye saratani ya umio ambaye hata mate hayapiti, tatizo si hamu ya kula. Huyo huhitaji njia ifunguliwe, na hospitali kama Tenwek, Bomet, nchini Kenya, zina uzoefu mkubwa wa kuweka kimrija cha waya kinachotanuka ndani ya umio ili mgonjwa aweze kula tena.

Maji yanayopotea kwa kuharisha hujazwa kwa ORS tangu mara ya kwanza. Kukiambatana na homa au damu, au choo kikizidi kawaida kwa mara nne au zaidi kwa siku, ni suala la hospitali, na dawa ya kufunga tumbo isinunuliwe kabla ya ushauri. Kukosa choo huzungumzwa kidogo kwa aibu, ingawa husumbua wengi: ondansetroni hukausha choo, vinkristini hupunguza mwendo wa utumbo, na mofini hufunga choo cha karibu kila anayeitumia. Anayeanza mofini huanzishiwa na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Papai na maji husaidia, ila peke yake havitoshi.

Uchovu ndio dhara linalowapata wengi kuliko yote, na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi na jamaa. Usingizi hauuondoi. Chanzo chake huwa zaidi ya kimoja: upungufu wa damu, kutokula, maumivu ya usiku, sonona, na saratani yenyewe. Daktari huanza kwa kutafuta kinachotibika. Juisi ya rozela au ya bitiruti inayoletwa na wageni ni kinywaji kizuri, lakini haiamshi uboho uliopigwa na dawa. Damu ikishuka sana huongezwa hospitalini. Mapenzi ya jamaa humfanya mgonjwa akatazwe hata kuosha kikombe. Tafiti zimeonyesha kinyume: matembezi mafupi ya kila siku, kwa kadiri ya nguvu, hupunguza uchovu kuliko kulala kutwa.

Ganzi ya vidole inastahili kutajwa ingali ndogo. Paklitakseli, vinkristini, sisplatini na oksaliplatini zote huathiri mishipa ya fahamu, na ganzi iliyoachwa ikomae huenda isiondoke. Kushindwa kufunga vifungo vya shati ni habari ya kumpa daktari, kwani dozi inaweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa. Asiyehisi nyayo asitembee peku wala kusogea jiko la mkaa bila uangalifu. Nywele, kwa upande wake, huota tena baada ya dawa kuisha.

Hofu ya kuambukiza haina msingi. Saratani haihami kwa sahani, kitanda wala kukumbatiana, na kumtengea mgonjwa vyombo humwumiza bure. Kinachohitaji tahadhari ni mabaki ya dawa kwenye mkojo, kinyesi na matapishi kwa takriban saa 48 baada ya dripu: anayesafisha avae glavu, nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake, na mjamzito asiifanye kazi hiyo.

Mitishamba ni mada inayofichwa, na kuficha huko ndiko hasara. Baadhi ya mimea hudhuru ini au figo, viungo vinavyoisafisha damu dawa ikishafanya kazi. Mingine hubadilisha kiasi cha dawa mwilini. Daktari anayemkaripia mgonjwa kwa kunywa mizizi hajaizuia mizizi. Amejinyima taarifa tu. Kuhusu mfungo wa Ramadhani, dini imeshamruhusu mgonjwa kula, na kwa anayepewa sisplatini kiu ya mchana kutwa ni hatari kwa figo.

Kusema mapema kuna faida inayopimika. Katika utafiti uliofanywa New York, wagonjwa 766 wenye saratani iliyosambaa waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Jingine liliripoti dalili zake kwa kompyuta, na muuguzi akapewa taarifa kila hali ilipozidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa muda wa wastani wa kuishi ulikuwa miezi 31.2 kwa walioripoti na 26 kwa wengine. Hakuna dawa mpya iliyoongezwa. Mahali pasipo na kompyuta, simu ya kawaida na muuguzi anayepokea hufanya kazi ya namna hiyo.

Tiba shufaa, inayoshughulikia maumivu, pumzi, hofu na mashaka ya familia, hudhaniwa kuwa ya siku za mwisho tu. Mwaka 2010 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyoenea. Walioanza tiba shufaa mapema, sambamba na matibabu ya kawaida, waliishi kwa wastani miezi 11.6, ikilinganishwa na 8.9 ya wenzao, wakiwa na huzuni ndogo zaidi na tiba kali chache zaidi karibu na kifo. Katika eneo hili, Hospice Africa Uganda ilianza mwaka 1993 ikitumia mofini ya maji, ya kunywa, inayogharimu kidogo. Mofini inayotolewa kwa kipimo dhidi ya maumivu haifupishi maisha, wala kuianza si tangazo la kifo.

Baada ya mizunguko miwili au mitatu, kipimo cha picha na hali ya mgonjwa huonyesha kama dawa inafanya kazi. Uvimbe ukinywea na nguvu ikirudi, tiba huendelea, pengine kwa dozi ndogo, na kupunguza dozi si kushindwa. Uvimbe ukikua licha ya dawa, kuna sababu ya kubadilisha. Kwa mgonjwa anayeshinda kitandani zaidi ya nusu ya siku, tibakemikali ya ziada mara nyingi humwongezea mzigo bila kumwongezea siku, isipokuwa kwa aina zinazoitika upesi kama limfoma. Daktari anayeshauri isimamishwe hajamtelekeza mgonjwa, ila ana wajibu wa kuhakikisha kwamba anaporuhusiwa anakwenda nyumbani na mofini yake, dawa ya kulainisha choo, na namba ya simu ya muuguzi atakayepokea.