Jambia Kwenye Kioo cha Bajaji: Kweli au Uongo?

Pale Buguruni Malapa huegesha bajaji moja yenye kibandiko cha bendera ya Oman kwenye kioo cha mbele: nyeupe, nyekundu, kijani, na nembo ya jambia kwenye kona. Abiria hawaishi kuisemea. Mmoja anaapa kuwa ni bendera ya enzi za Sayyid Said, mwingine anaona Simba na Yanga wamepatanishwa. Tuzipime kauli zao moja baada ya nyingine.

"Sayyid Said alikuja nayo Unguja."
UONGO. Sayyid Said alifariki mwaka 1856. Bendera hii ilianza kutumika tarehe 17 Desemba 1970, miezi mitano hivi baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka. Aliyoijua Sayyid Said ilikuwa nyekundu tupu, haina mstari wala nembo.

"Hata hiyo nyekundu haikuwahi kufika huku bara."
UONGO. Sayyid Majid alipoanza kuujenga mji huu wa Dar es Salaam miaka ya 1860, pale Mzizima, bendera ya dola yake ya Zanzibar ilikuwa hiyo hiyo nyekundu. Agosti 1888, kule Pangani, kampuni ya Wajerumani iliidharau bendera ya Sultani na kutweka ya kwake. Watu wakachachamaa, na vita vya Abushiri vikawaka. Mombasa ilikaa nayo zaidi: ilipepea juu ya Fort Jesus hadi mwaka 1963.

"Jambia limechomolewa, maana yake vita."
UONGO. Sogea karibu uangalie: limo alani, na nyuma yake panga mbili zimepishana. Ni nembo ya ukoo wa Al Said, yenye asili ya karne ya 18. Mwanamume wa Oman hulivaa jambia kiunoni siku ya harusi na sikukuu, kama vazi la heshima.

"Bendera zote za Kiarabu zina rangi zile zile nne."
UONGO. Nyeusi, nyeupe, kijani na nyekundu zilipata umaarufu katika uasi wa Waarabu dhidi ya Waturuki ulioanza mwaka 1916. Oman haikuwamo, na bendera yake haina nyeusi. Majirani zetu wa Komoro wamo katika Jumuiya ya Nchi za Kiarabu tangu 1993, lakini mistari yao inahesabu visiwa: njano ni Mwali, nyeupe ni Maore, nyekundu ni Nzwani, buluu ni Ngazidja.

"Bendera ya mwisho ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa na karafuu."
KWELI. Zanzibar ilipopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, kwenye ile nyekundu paliongezwa duara la kijani lenye karafuu mbili za rangi ya dhahabu. Haikufikisha hata miezi miwili: Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliishusha.

"Kijani cha Oman ni Uislamu, basi."
SI HIVYO TU. Waomani wenyewe hukitaja kwanza kuwa ni rutuba ya ardhi na Jebel Akhdar, yaani Mlima wa Kijani.

"Bendera hii inapatanisha Simba na Yanga."
UONGO. Nyekundu na nyeupe za Msimbazi zipo, kijani cha Jangwani kipo, ila njano haipo, na Yanga gani hiyo isiyo na njano?

Lakini upatanisho upo. Nyeupe ilikuwa rangi ya Imamu, aliyeongoza Oman ya ndani. Nyekundu ilikuwa ya Sultani, aliyekaa pwani, Muscat. Pande hizo mbili zilipigana hadi mwaka 1959, huko huko Jebel Akhdar. Mwaka 1970 Qaboos aliifupisha hata "Muscat na Oman" ikawa Oman, na rangi za mahasimu zikashonwa kitambaa kimoja: nyeupe juu, nyekundu katikati, na chini yake kijani cha mlima waliougombania.